Nafuu ya Kodi Ilipie Shimo

Mwishoni mwa Novemba 2025 nilisimama kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya shemeji yangu, katika mji mmoja mdogo wa jimbo la Iowa, nikitazama mtambo wa kuchoronga uliofungwa juu ya lori ukizamisha fito za chuma ardhini, moja baada ya nyingine. Tope la kijivu lilikuwa likifoka kwenye mdomo wa shimo na kutiririka kwenye mfereji uliochimbwa kando, nyasi za ua zilikuwa zimekwisha kufunikwa, na kijana mmoja mwenye koti lililokakamaa kwa tope alikuwa akipaza sauti ili mwenzake amsikie katika ngurumo ya injini. Yalichorongwa mashimo matatu ya mfumo wa kupasha nyumba joto kwa joto la ardhini, kila moja likiwa na kina cha mita zipatazo 60. Katika kila shimo waliteremsha bomba jeusi la plastiki ngumu lililokunjwa chini mfano wa herufi U, kisha wakajaza nafasi iliyobaki kwa uji mzito wa udongo wa bentonaiti, ili joto lipite vizuri kati ya bomba na mwamba na maji machafu ya juu yasipate njia ya kushukia kwenye maji safi ya chini. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na nyasi zikishaota upya hakuna atakayejua kwamba chini ya ua huo kuna kitu.

Shemeji alikuwa amepiga hesabu zake mapema. Mkataba mzima ulikuwa wa dola 34,000, na sheria ya kodi iliyokuwa ikitumika ilimruhusu kupunguza kodi yake ya mapato ya shirikisho kwa asilimia 30 ya gharama, yaani dola 10,200. Alilipa malipo ya awali mwezi Oktoba, mashimo yakakamilika Novemba, na mashine ya ndani, ambayo mkandarasi alikuwa ameahidi kuileta kabla ya Krismasi, ikafika wiki ya pili ya Januari. Sheria inasema kwamba gharama huhesabiwa kuwa imefanyika siku ufungaji unapokamilika, si siku fedha zinapolipwa, na mlango wa nafuu hiyo ulifungwa tarehe 31 Desemba 2025. "Shemeji," aliniambia kwa simu, "mimi nimefanya kila nilichoambiwa nifanye. Sasa niambie kosa langu liko wapi."

Kosa halikuwa lake. Naamini liko kwenye namna Marekani ilivyoiunda nafuu hii tangu mwanzo, na zaidi kwenye namna ilivyoiondoa. Kitu kinachowazuia watu kufunga mfumo huu ni gharama ya shimo, na shimo hilo ndilo sehemu ambayo faida yake inawafikia watu wengi kuliko yule anayelilipia. Sheria nzuri ingelipia shimo, ingelilipia siku linapochimbwa, na isingeuliza kama mwenye shimo ni mama mwenye nyumba au ni kampuni. Sheria iliyopo sasa inauliza hilo hasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno jotoardhi, fikra zake huenda moja kwa moja Olkaria, ndani ya Bonde la Ufa, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Ninachokizungumzia hapa kinatumia jina hilohilo lakini ni kitu kingine. Hakihitaji volkano, mvuke wala mwamba wenye moto. Kinahitaji tu ukweli mmoja unaojulikana na kila aliyewahi kuingia pangoni: ukishuka mita kadhaa chini ya ardhi, majira ya mwaka hayafiki, na halijoto hubaki karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Katika sehemu nyingi za Iowa wastani huo ni kati ya nyuzi 10 na 12 za Selsiasi. Hewa ya nje inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri mwezi Januari na kupanda juu ya 30 mwezi Julai, lakini ardhi ya chini haitikisiki.

Maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda huzungushwa ndani ya yale mabomba meusi, yakachukua joto la ardhi na kulipeleka kwenye pampu ya joto iliyo ndani ya nyumba, ambayo hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: hulikusanya joto hilo dogo, hulikandamiza kwa kompresa hadi liwe joto la kutosha, kisha hulisambaza vyumbani. Wakati wa kiangazi mzunguko hugeuka, na joto la nyumba hupelekwa ardhini. Kwa kila yuniti moja ya umeme inayotumika, mfumo uliofungwa vizuri hutoa yuniti tatu hadi nne za joto, kwa sababu umeme hautengenezi joto, unalihamisha tu. Mwezi Februari nilishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya shemeji nikashika mabomba mawili yanayoingia ukutani. Kipimajoto cha bomba linalotoka ardhini kilisoma nyuzi 7, cha bomba linalorudi kilisoma 4. Tofauti ya nyuzi 3 tu, inayopita hapo usiku na mchana, ndiyo iliyokuwa ikiwapasha joto watu sita wa nyumba ile.

Niseme wazi, kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja na ndugu walioko nyumbani, kwamba simshauri mtu wa Dar es Salaam au Mombasa kuchimba ua wake kwa ajili hii. Pwani hakuna baridi ya kupambana nayo, na ardhi yenyewe, kwa kuwa hufuata wastani wa mwaka, ni ya joto kiasi kwamba kumwaga joto la nyumba humo kunaleta faida ndogo kwa gharama kubwa. Jambo hili ni la nchi zenye majira yanayopishana sana, na linawahusu Waswahili kwa sababu maelfu yao sasa wanaishi huko. Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wamenunua nyumba Iowa, Minnesota, Ohio na Maine, nyingi zikiwa nyumba za zamani zenye kuta nyembamba, na wanazipasha joto kwa gesi ya propani au kwa mafuta yanayoletwa na lori. Bili ya kupasha joto ndiyo jambo la kwanza wanaloulizana wanapokutana baada ya ibada mwezi Januari.

Sasa tuangalie fedha zinakwenda wapi. Kwenye ankara ya shemeji, uchorongaji, mabomba na ujazaji wa mashimo vilikuwa dola 15,000. Mashine, mifereji ya hewa na kazi ya ndani vilikuwa dola 19,000. Tanuri jipya la propani pamoja na kiyoyozi cha kawaida vingemgharimu dola 13,000. Kwa hiyo tofauti kati ya njia ya zamani na njia ya jotoardhi ilikuwa dola 21,000, na zaidi ya theluthi mbili ya tofauti hiyo ni shimo. Mtu anayekaa mezani na ankara mbili mbele yake, moja ya 13,000 na nyingine ya 34,000, huwa hakatai teknolojia. Anakataa shimo.

Na shimo hilo si mali ya kawaida. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba vifaa vya ndani huweza kudumu hadi miaka 24, wakati mabomba ya ardhini hudumu zaidi ya 50. Mashine itachakaa na kubadilishwa, mwenye nyumba atahama au atafariki, watoto watauza, na mnunuzi wa pili na wa tatu watakuja kuishi juu ya mashimo yaleyale bila kulipa chochote cha maana kwa ajili yake, kwa sababu bei ya nyumba sokoni hailihesabu bomba ambalo hakuna anayeliona. Anayechimba leo anawachimbia watu ambao hatawafahamu kamwe.

Yupo mnufaika mwingine, naye ni kila mtu anayetumia gridi moja ya umeme na yeye. Pampu ya joto inayovuta joto kutoka hewani ni kifaa kizuri na ni rahisi zaidi, ila usiku ule wa baridi kali kuliko wote, wakati nyumba zote zinahitaji joto kwa pamoja, hewa huwa na joto dogo la kutoa, na mashine nyingi za aina hiyo hulazimika kuwasha nyaya za umeme za akiba zinazokula umeme mwingi mno. Pampu ya ardhini haijui kwamba usiku huo ni tofauti. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ilichapisha mwaka 2023 uchambuzi uliouliza nini kingetokea kama asilimia 70 hivi ya majengo ya Marekani yangefungwa pampu za ardhini, sambamba na kuziba mianya ya hewa kwenye nyumba. Jibu lake lilikuwa kwamba, katika mpango wa kuachana na umeme wa makaa na gesi, nchi ingeepuka kujenga zaidi ya maili 20,000 za njia mpya za kusafirisha umeme. Njia hizo, zikijengwa, hulipiwa na kila mwenye mita ya umeme, pamoja na mpangaji wa chumba kimoja asiye na ua wa kuchimba. Hapa ndipo ninapoona uhalali wa fedha ya umma kuingia kwenye ua wa mtu binafsi. Umma unanunua kitu chake.

Bunge la Marekani limekuwa likiliona jambo hili kwa vipindi, kama mtu anayesinzia na kuzinduka. Sheria ya kodi ya nishati ya 1978, iliyopitishwa wakati wa Rais Carter baada ya mshtuko wa bei za mafuta, ilitoa nafuu kwa vyanzo vipya vya nishati majumbani, jotoardhi ikiwemo, na ikaachwa ife mwishoni mwa 1985. Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo serikali ya shirikisho haikumpa mwenye nyumba nafuu ya namna hiyo kwa pampu ya ardhini. Mwaka 2008, katika sheria ileile iliyopitishwa kuokoa mabenki, pampu za ardhini ziliongezwa kwenye kifungu cha 25D cha sheria ya kodi, kinachohusu wenye nyumba, kwa asilimia 30, kikomo kikiwa dola 2,000. Mwaka uliofuata kikomo kiliondolewa, na hapo ndipo nafuu ilipopata uzito. Ilikwisha tena mwishoni mwa 2016. Mwaka wote wa 2017 ukapita bila nafuu, kisha Februari 2018 Bunge likairudisha na kuitangaza kuwa ilianza tangu tarehe 1 Januari 2017.

Naomba msomaji akae kidogo na hilo la mwisho, kwa sababu linaonyesha ugonjwa wote. Kivutio cha kodi kina kazi moja tu: kumshawishi mtu achukue uamuzi ambao asingeuchukua bila hicho kivutio. Nafuu iliyotolewa Februari 2018 kwa kazi zilizofanyika 2017 haikuweza kumshawishi mtu yeyote, maana uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika. Walioipata ni wale waliokuwa na uwezo wa kuchimba hata bila nafuu. Walioahirisha kwa kukosa fedha hawakupata kitu, na wachorongaji walioegesha mitambo yao mwaka ule mzima hawakurudishiwa miezi yao. Serikali ilitoa fedha na haikununua chochote.

Sheria ya Agosti 2022, ile iliyopewa jina la kupunguza mfumuko wa bei, ilionekana kumaliza tabia hiyo. Iliweka asilimia 30 hadi mwisho wa 2032, kisha 26 mwaka 2033 na 22 mwaka 2034. Miaka kumi ya uhakika! Mchorongaji mwenye mtambo wa mkopo angeweza kwenda benki na kuonyesha kwamba soko lake litakuwepo, na kijana angeweza kujifunza kazi hiyo akijua kwamba itamlea. Uhakika huo ulidumu chini ya miaka mitatu. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyofuta kifungu cha 25D kwa kazi yoyote itakayokamilika baada ya Desemba mwaka huohuo. Watu walipewa miezi sita kasoro, na mitambo ya kuchoronga haiongezeki kwa miezi sita. Foleni iliyomkuta shemeji ilitengenezwa na tarehe hiyo.

Hata hivyo siwezi kuitetea nafuu ya zamani kama ilivyokuwa. Ilikuwa na kasoro ambazo sisi tuliokuwa tukiisifu tulizinyamazia mno. Kasoro kubwa ni kwamba ilipunguza kodi ambayo mtu anadaiwa, bila kumrudishia fedha kama punguzo limezidi kodi hiyo. Chukulia mwenye nyumba ambaye kodi yake ya mapato ya shirikisho ni dola 2,000 kwa mwaka, na nafuu anayostahili ni 9,000. Mwaka wa kwanza atatumia 2,000, kilichobaki kitasogezwa mwaka ujao, na itamchukua hadi mwaka wa tano kuimaliza. Jirani yake mwenye kodi ya dola 15,000 anaipata yote kwenye ritani moja. Wote wawili walimlipa mchorongaji siku ileile, kwa bei ileile, na yule mwenye kipato kidogo ndiye aliyeikopesha serikali kwa miaka mitano bila riba.

Tena hapakuwa na ukomo wa kipato, wala ukomo wa gharama baada ya 2009, na nyumba ya pili nayo ilihesabiwa. Tajiri aliyejenga nyumba ya mapumziko kando ya ziwa na kuifungia mfumo wa dola 100,000 alipata dola 30,000 za umma. Mpangaji hakupata kitu. Takwimu za mamlaka ya mapato, IRS, kwa mwaka wa kodi 2023 zinaonyesha kaya zipatazo milioni 1.2 zikidai zaidi ya dola bilioni 6 chini ya kifungu hicho, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya paneli za jua. Ni kweli kwamba karibu nusu ya kaya zilizodai nafuu za nishati za mwaka huo zilikuwa na kipato cha chini ya dola 100,000, na jambo hilo lina uzito wake, lakini bado maana yake ni kwamba zaidi ya nusu zilikuwa na kipato cha kuzidi hapo.

Kasoro nyingine imejificha ndani ya asilimia yenyewe. Serikali ikilipa asilimia 30 ya ankara yoyote, hakuna mtu kati ya wawili wanaosaini mkataba anayesukumwa sana kuipunguza ankara hiyo. Mkandarasi anajua kwamba kila dola 1,000 anayoiongeza itamuuma mteja kwa 700 tu. Nimeona mikataba miwili ya nyumba zinazofanana, katika wilaya moja, ikitofautiana kwa zaidi ya dola 10,000, na ile ya bei ya juu ndiyo iliyokuwa na barua ndefu zaidi ya kumweleza mteja jinsi atakavyopunguziwa kodi.

Kwa hiyo kama Bunge lingesema mwaka 2025 kwamba nafuu hii imeundwa vibaya na inahitaji kuundwa upya, ningekuwa wa kwanza kukubali. Lilichofanya ni tofauti. Liliiondoa kwa mwenye nyumba na kuiacha kwa kampuni. Kifungu cha 48, kinachohusu wafanyabiashara, bado kinatoa asilimia 30 kwa pampu za ardhini za miradi midogo ambayo ujenzi wake utaanza kabla ya 2033, kikishuka hatua kwa hatua hadi mwisho wa 2034, na masharti ya ziada yakitimizwa, kama kutumia vifaa vilivyotengenezwa Marekani, kiwango kinaweza kupanda hadi 40 au hata 50. Sheria hiyohiyo ya Julai ililegeza kanuni iliyokuwa ikiwazuia wenye mitaji kumiliki mfumo uliozikwa kwenye ua wa mtu mwingine na kumkodisha. Zamani wanasheria walihoji: bomba lililoko mita 60 chini ya nyumba ya mtu linawezaje kuwa mali ya kampuni, wakati halina matumizi kwa mtu mwingine yeyote? Sasa swali hilo limeondolewa njiani.

Matokeo yake ni haya. Ua ni uleule, mashimo ni yaleyale matatu, mchorongaji ni yuleyule na ankara ni ileile ya dola 34,000. Mfumo ukimilikiwa na kampuni, hazina inatoa dola 10,200 au zaidi. Ukimilikiwa na mama anayeishi humo na kulipia nyumba hiyo kila mwezi, hazina haitoi senti. Nimejaribu kutafuta sababu ya kiuchumi au ya kimazingira inayoweza kuhalalisha tofauti hiyo, na sijaipata. Gridi haijui hati ya umiliki ina jina la nani.

Siupingi ukodishaji wenyewe. Kampuni ya Dandelion, iliyotokana na maabara ya ubunifu ya Google, imekubaliana na wajenzi wa Lennar kufunga mifumo hii kwenye nyumba mpya zaidi ya 1,500 huko Colorado, na kuchoronga mtaa mzima kwa mkupuo kunashusha bei kwa namna ambayo ua mmojammoja hauwezi. Kwa familia isiyo na dola 34,000, kulipa kidogokidogo kila mwezi ni afadhali kuliko kuendelea kumngojea mwenye lori la propani. Ninachowaomba ndugu zangu ni kusoma mkataba kabla ya kusaini: malipo yanapanda kwa asilimia ngapi kila mwaka, nani anatengeneza kompresa ikifa mwaka wa kumi na nane, na nini kinatokea siku unapotaka kuuza nyumba na mnunuzi hataki kurithi mkataba wako. Wengi wetu tulijifunza maswali haya kwa uchungu kwenye mikopo ya magari.

Zipo nchi zilizolishughulikia jambo hili kwa akili zaidi. Sweden ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, ikayafanya mafuta ya kupashia nyumba joto kuwa ghali kwa makusudi na kwa utaratibu unaotabirika, na leo mamia ya maelfu ya nyumba zake zinatumia visima vya joto. Juu ya hapo ina punguzo la kodi kwa gharama za ufundi majumbani, ambalo kwa kawaida ni asilimia 30 ya sehemu ya kazi na lina kikomo kwa kila mtu kwa mwaka. Ninalolipenda zaidi ni njia yake. Tangu 2009 punguzo hilo hukatwa papo hapo kwenye ankara, mteja hulipa kilichobaki, na fundi ndiye anayedai sehemu iliyokatwa kutoka mamlaka ya kodi. Mama mwenye nyumba hakopeshi serikali, wala hangojei Aprili, mwezi wa ritani za kodi. Marekani yenyewe inaijua njia hiyo, kwa kuwa sheria ya 2022 iliweka ruzuku ya hadi dola 8,000 kwa pampu za joto kwa kaya za kipato cha chini na cha kati, inayokatwa wakati wa kununua na kusimamiwa na majimbo.

Mimi ningeiunda hivi. Kiwekwe kiasi maalumu cha fedha, si asilimia, kinachotokana na mahitaji ya joto ya nyumba kama yalivyokokotolewa na mtaalamu, ili anayechoronga kwa ufanisi abaki na faida na anayepandisha bei asilipwe kwa kuipandisha. Kiasi hicho kikatwe kwenye ankara ya mchorongaji pekee. Mashine mwenye nyumba ajinunulie, kama anavyojinunulia jokofu. Nyumba ya pili isihesabiwe. Mwenye nyumba, mwenye nyumba ya kupangisha, kampuni ya kukodisha na kampuni ya gesi wapewe kiwango kimoja, maana shimo ni moja. Na tarehe ya kuhesabia iwe siku shimo linapojazwa na kukaguliwa, si siku lori la mashine linapofika. Kwa dola 3,000 kwa kila tani ya uwezo wa mfumo (tani hapa ni kipimo cha nguvu ya kupasha joto na kupoza, si uzito), nyumba ya shemeji, yenye mfumo wa tani tatu, ingepata 9,000. Ni pungufu ya zile 10,200 alizozikosa, lakini angezipata Novemba, na familia isiyodaiwa kodi kubwa ingezipata sawasawa na yeye.

Watakuwepo watakaosema kwamba fedha hizo zitawafikia pia watu ambao wangechimba vyovyote vile. Ni kweli, na hakuna kivutio duniani kisicho na hasara hiyo. Swali ni ukubwa wake. Nafuu inayolenga kipengele kinachomfanya mtu akatae, na inayolipwa wakati anapofanya uamuzi, hupoteza kidogo kuliko ile inayolipwa miezi mingi baadaye kwa mtu aliyekwisha kuwa na fedha.

Kabla hayo hayajatokea, na sioni dalili kwamba yatatokea karibuni, ipo milango iliyobaki wazi ambayo jamii zetu haziitumii. Baadhi ya majimbo yana nafuu yake: New York inatoa asilimia 25 ya gharama, na kikomo chake kiliongezwa kutoka dola 5,000 hadi 10,000 kwa mifumo iliyoanza kutumika kuanzia Julai 2025. Muhimu zaidi, kifungu cha 48 kinazihusu pia taasisi zisizolipa kodi, kama makanisa, misikiti, shule na halmashauri za miji, ambazo hulipwa fedha taslimu na IRS badala ya kupunguziwa kodi wasiyodaiwa. Taasisi hujisajili kwanza IRS kabla ya kuwasilisha dai, kisha hulidai kwa fomu ya 990-T. Kanisa kuu la Mtakatifu Patrick jijini New York lilichoronga visima kumi, baadhi vikifika kina cha mita 670, na limekuwa likipashwa joto na kupozwa kwa ardhi ya Manhattan tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ball State, Indiana, kilichoronga mashimo yapatayo 3,600 na kuzima matanuri yake ya makaa ya mawe. Mjini Framingham, Massachusetts, kampuni ya gesi na umeme ya Eversource iliunganisha mtaa mzima kwenye bomba moja la pamoja mwaka 2024. Usharika wa Kiswahili unaomiliki jengo lake, na ambao kila Januari hupitisha kapu la pili kwa ajili ya bili ya joto, una haki ileile ya asilimia 30 ambayo shemeji ameikosa.

Nilimweleza shemeji hivyo, naye akalipeleka kwa wazee wa kanisa lake mwezi Machi. Wameomba makadirio ya bei kutoka kwa mchorongaji yuleyule aliyechimba kwake. Mchorongaji amewajibu kwamba hataweza kufika kabla ya Septemba, kwa sababu hadi wakati huo mtambo wake utakuwa kwenye uwanja wa shule ya wilaya jirani, ambako anachimba mashimo 80.